Mnataka kuhamia mji wa ufukweni na watoto? Nendeni kwanza mwezi wa mvua

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu manake limenirudisha mbali sana. Kwa faida ya wengine nilirudie kwa kifupi: wewe na mumeo mlienda likizo ya wiki mbili kwenye kamji kadogo ka pwani nchi za joto, mji wa pole pole, watu wanatembea peku, hakuna anayeangalia saa, watoto wakalala usingizi wa maana kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, na sasa mumeo (kazi yake ni ya laptopu) anataka mhamie huko angalau miaka 2 na mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, wewe utaacha kazi yako, na umeniuliza uanzie wapi na ni kitu gani watu hawasemi.

Nianze na hicho kisichosemwa. Ule upole uliowavuta hauji nusu nusu. Upole ule ule uliowafanya mnywe chai hadi saa tano asubuhi bila mtu kuwasumbua ndo utakaomleta fundi wa friji Alhamisi badala ya Jumatatu, tena sio Alhamisi hii, na ndo utakaolikalia faili lenu la kibali miezi, na siku mtoto akishikwa na homa usiku ndo huo huo utakaokuwa umemlaza dereva wa ambulensi, kama ambulensi ipo. Huwezi kuchukua wa asubuhi ukaacha wa usiku. Familia nilizoziona zimefaulu ni zile zilizojua hilo kabla hazijafunga mabegi, na zilizorudi kwa hasira karibu zote zilikuwa zinaamini shida ni yule fundi.

Mi kazi yangu ni kushauri familia zinazohama nchi, na kabla ya hapo nilikaa mwenyewe miaka 4 kwenye mji wa namna hiyo na watoto watatu, kwa iyo nitakayosema nusu ni ya kitaalamu na nusu ni ya makovu.

Wiki mbili mlizokaa hazijawaambia chochote, samahani kusema hivo. Kuna mwanaanthropolojia anaitwa Kalervo Oberg, huyu ndo alilisambaza hili wazo la mshtuko wa utamaduni, mwaka 1954 aliwaeleza wanawake wa klabu moja huko Rio de Janeiro (nao ni mji wa ufukweni, sema sio wa pole pole) kwamba mtu akihamia ugenini hupita awamu: kwanza fungate, kila kitu kizuri, alafu kinafuata kipindi cha kukereka na kila kitu, alafu anaanza kupata nafuu, mwisho anazoea. Fungate yenyewe alisema inaweza kwenda siku chache tu au ikafika hata miezi 6. Sasa likizo yenu yote ilikuwa ndani ya fungate, tena fungate ya hoteli, ambako kuna mtu mwingine anayehangaika na pampu ya maji.

Kwa iyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi fanya kitu kimoja: rudini wiki 4 au 6 kwenye msimu mbaya, ule wa mvua nyingi, wageni hawapo, nusu ya sehemu zimefungwa. Msikae hotelini, pangeni nyumba ya kawaida, mpike wenyewe, mumeo afanye kazi masaa yake kamili, na wewe ubaki na watoto. Mwezi huo ndo utawajibu. Nakumbuka wiki yetu ya tatu ya mvua nilifungua kabati nikakuta viatu vya mwanangu vimeota manyoya ya kijani, mkanda wa baba yao umevaa unga mweupe, na mashuka niliyoyakunja jana yananuka kama ya mwaka juzi. Nikakaa chini pale pale mlangoni kwa kabati nikalia, kwa viatu! Ukungu huo hauhitaji uchafu, unahitaji hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 60 hivi na mahali pasipopita upepo, na mji wa pwani ya joto una unyevu huo karibu mwaka mzima. Ongeza chumvi ya bahari, inayokula kila chenye chuma: bawaba za milango, mgongo wa friji, tundu za laptopu, mkasi. Ukipanga nyumba ya mstari wa mbele kabisa baharini utalipia mandhari mara mbili, mara ya kwanza kwa kodi ya nyumba, mara ya pili kwa mafundi. Rudini nyuma kidogo, kilima kidogo chenye upepo kikipatikana ni bora zaidi, na mkiwa hapo angalieni maji ya mvua yanasimama wapi, hiyo kiangazi hutaiona. Na tafadhali msinunue nyumba mwaka wa kwanza, wala msisafirishe fanicha zenu, wala msisaini mkataba wa mwaka mzima kwa kuona picha.

Alafu kuna vimbunga. Karibu na ikweta, ndani ya latitudo 5 hivi kaskazini au kusini, ni nadra sana, ila mkitoka hapo basi ulizeni msimu wake, kwa mfano Atlantiki unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Mwenye nyumba akuonyeshe madirisha yanafungwaje na njia ya kuondokea mjini ni ngapi. Mji wenye barabara moja tu ya kutokea ni jambo la kulifikiria kweli kweli.

Sasa afya, na hapa naomba uniazime masikio.

Kabla hamjachagua nyumba, chagueni hospitali. Sio zahanati ya pale kona inayosafisha vidonda vya wanaoanguka na pikipiki, namaanisha hospitali yenye daktari wa watoto, maabara inayofanya kazi usiku, na akiba ya damu ya kuongezea mgonjwa. Chukueni gari muiendee muda mbaya, sio Jumapili asubuhi, muangalie saa. Ikiwa ni zaidi ya masaa mawili basi mjue mnaishi masaa mawili mbali na msaada, na mpange maisha hivo, bima yenu iwe na kipengele cha kusafirisha mgonjwa kwenda mji mkubwa au nchi nyingine, msome maandishi madogo. Hapo hapo muulize habari ya pikipiki, manake kila mtu huko anapanda, na bima nyingi hazilipi kitu kama aliyekuwa anaendesha hana leseni ya pikipiki (ya gari haitoshi) au hakuvaa helmeti.

Dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, nataka uielewe vizuri, usiishie kuijua jina. Mbu wake mkuu, Aedes aegypti, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa iyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, na anazaliana kwenye maji safi yaliyosimama ndani ya himaya yako mwenyewe: sahani ya chini ya ua, ndoo, ndala iliyotupwa, tairi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au siku 10, ndo maana tunasema mwaga maji kila wiki, na sugua kingo za chombo manake mayai yanashika pale na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji. Na mtoto akipata homa kali, kuumwa nyuma ya macho, mwili wote unauma, usimpe aspirini wala ibuprofeni hadi daktari aseme sio dengi, zinaongeza hatari ya kuvuja damu, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake na maji mengi.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye kushuka kwa homa. Mwanangu wa pili aliumwa siku nne, siku ya tano asubuhi namgusa kapoa, nikashukuru Mungu nikaenda zangu kufua. Saa nane mchana hataki kunywa, analalamika tumbo, anatapika, kanywea kama kitambaa, alafu nikaona fizi zina damu kidogo. Kumbe kwenye dengi hatari inaanza pale homa inapopungua, masaa 24 hadi 48 ya baada ya hapo ndo ya kukaa naye macho: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au pua, mtoto kuchoka kupita kiasi au kuhangaika, ukiona kimojawapo usisubiri kesho. Sisi tulifika kwa wakati, alilazwa siku tatu. Dereva alikuwa jirani tu na gari lake la kubebea samaki, manake ile habari ya ambulensi kulala niliyokwambia hapo juu, sikuwa natunga. Malaria ni habari nyingine, inategemea mji, muulizeni daktari wa wasafiri kabla hamjaondoka na mfanye chanjo za watoto zikamilike, daftari la chanjo lipigwe picha.

Na mbwa. Miji ya hivi imejaa mbwa wapole wasio na mwenyewe na mtoto wa miaka 4 atawakumbatia wote. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, ila kinazuilika kabisa ukiwahi, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili (weka saa, ni ndefu kuliko unavyodhani) alafu nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo. Waambie watoto kwamba mnyama akiwang'ata au kuwaparura waje kusema na hawatachapwa wala kugombezwa, manake watoto huficha. Nyani na popo pia wamo. Ulizeni mapema chanjo hiyo inapatikana wapi, na daktari anaweza kuwashauri mchanje kabla ya safari.

Bahari yenyewe sasa. Watu wanaogopa papa. Mi naogopa pale mahali maji yametulia. Ukisimama ufukweni wenye mawimbi ukaona yanavunjika huku na huku, alafu katikati kuna kijia hakina povu, maji yake laini yana rangi nzito kidogo, mzazi mgeni atasema haya watoto, ingieni hapo pametulia. Hapo ndo mkondo unaporudi baharini! Mawimbi yameleta maji, maji lazima yatoke, yanatokea kwenye kijia hicho, na mkondo huo unaweza kufika zaidi ya mita 2 kwa sekunde, muogeleaji wa Olimpiki hashindani nao. Hauvuti mtu chini, unamsukuma mbali, anakufa kwa kuchoka akipigana kurudi alikotokea. Mfundishe wa miaka 9: usipigane, elea, nyanyua mkono, ogelea kwa kufuata ufuo upande mmoja hadi utoke kwenye mkondo alafu ndo urudi pembeni pembeni na mawimbi. Wa miaka 4 hafundishiki hayo, huyo awe umbali wa mkono wako, sio wa macho yako, manake mtoto anayezama hapigi kelele, ananyamaza tu. Na kama nyumba ina bwawa la kuogelea lisilo na uzio, ikataeni hata kama ni nzuri namna gani. Mtafute pia mvuvi au mtu anayefundisha kuteleza na mawimbi awaonyeshe bahari ya hapo, wanaijua kama sebule yao.

Usisahau kuwaambia watoto kuhusu tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 huko Phuket, Thailand, mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliitambua bahari inavyofanya vituko kwa sababu wiki mbili nyuma alifundishwa darasa la jiografia, akapiga kelele hadi wazazi wakamsikia na ufukwe ukahamishwa watu. Bahari ikirudi nyuma ghafla au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, hamuulizani, mnapanda juu.

Haya, makaratasi, nitapita haraka manake kila nchi na yake. Tangu 2020 pale Barbados ilipoanza kutoa ruhusa ya miezi 12 kwa wanaofanya kazi za mtandaoni na familia zao, nchi nyingi zimefuata, Costa Rica ilipitisha sheria yake 2021, kwa iyo msiishi kwa visa ya utalii mkitoka na kuingia mpakani kila baada ya miezi mitatu, siku moja afisa atakataa mkiwa na watoto na mabegi. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vithibitishwe kabla hamjatoka nyumbani, kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 inatosha muhuri wa apostili (uthibitisho wa serikali kwamba cheti ni halali), kama hazimo ni mzunguko wa ubalozi, ule mrefu. Kodi: nchi nyingi ukizidisha siku 183 kwa mwaka wanakuhesabu mkazi, na kuna raia kama wa Marekani ambao kwao wanadaiwa hesabu popote walipo, mumeo amuone mhasibu sasa hivi sio Machi ya mwakani. Na mwajiri wake ajue, kwa maandishi.

Intaneti: laini mbili za kampuni tofauti, au moja na ya setilaiti, na betri yenye inveta, umeme wa pwani ukikatika haukuagi. Angalieni na saa, bosi wake akiwa mbali masaa 8 basi mumeo atakuwa kazini usiku na kulala mchana ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka 4, na huo ufukwe ataukuta kwenye picha zako.

Nimekuja kwako sasa dada, manake kwenye swali lako lote refu wewe umejitaja kwa sentensi moja tu, "mimi nitaacha kazi". Miaka yote ya kazi hii nikiona familia inarudi kabla ya muda, mara nyingi hajachoka mwenye kazi, kachoka aliyemfuata. Mumeo ataamka ana mikutano, ana watu wanaomjua jina, ana mshahara, nyie mmebadili madirisha tu kwa upande wake. Wewe utaamka huna bosi, huna mama wa kumpigia aje akae na mtoto nusu saa, huna lugha, jua limeshawaka saa mbili asubuhi na mtoto anataka kutoka. Na visa ya mwenza mara nyingi hairuhusu kufanya kazi, hata ndogo, kwa iyo lisome hilo kabla. Tulipofika mi nilikuwa nahesabu siku nzima maneno niliyoongea na mtu mzima asiye mume wangu, kuna siku yalikuwa saba. "Hii", "hapana", "ngapi", "asante", "asante", "kesho", "asante". Nilitoka hapo kwa kujiandikisha masomo ya lugha asubuhi nne kwa wiki na kumtafutia mtoto mdogo kachekechea ka mtaani, sio ka wageni, na ndo nikapata marafiki, mama za wenzake, hadi leo tunasalimiana. Kwa iyo kaeni chini mkubaliane kwa hesabu: pesa ngapi kwa jina lako kila mwezi, masaa mangapi kwa wiki mumeo anashika watoto ili wewe utoke peke yako, kazi yako wanaweza kukupa likizo bila malipo badala ya kuacha? Ombeni, mara nyingine wanakubali. Akisema "tutaona tukifika", mi ningeahirisha safari.

Watoto watazoea kabla yenu, wa miaka 4 hata hatakumbuka mlikotoka. Wa miaka 9 ndo wa kumuangalia, sio kwa lugha (miezi 6 utashangaa), ila kwa marafiki. Miji hii ina watu wanaokuja na kuondoka kama kupwa na kujaa, atapata rafiki wa damu Novemba, Aprili familia ya rafiki imeondoka. Ruth Hill Useem, mwanasosiolojia wa Marekani aliyeanza miaka ya 1950 kuwachunguza watoto wanaokulia nje ya nchi ya wazazi wao, aliwaita watoto wa utamaduni wa tatu, sio wa kule sio wa huku, wana yao ya katikati. Wengi wanafaidika nayo, ila kuaga aga kunachosha, kwa iyo wafanye marafiki wenyeji pia, ambao Aprili watakuwepo. Shule: kama mnarudi baada ya miaka 2, ongeeni na shule mnayoiacha waandike nini watahitaji kumpokea tena. Za mtaala wa kimataifa kama ule wa IB (International Baccalaureate) ulioanzia Geneva 1968 zinahamishika kirahisi ila kamji kadogo huenda hakana, na kufundishia nyumbani kuna nchi kunaruhusiwa na kuna nchi ni kosa la sheria kama Ujerumani, msidhani tu. Na lugha yenu isife, muongee nao nyumbani, muwasomee usiku. Jua linazama mapema kule na giza linashuka ghafla, jioni ni ndefu, mtakuwa na muda.

Kuhusu wenyeji nitasema moja tu, wao hawaishi likizoni. Anayekuuzia mboga ana kodi ya nyumba na pengine imepanda kwa sababu ya watu kama sisi tunaolipa bila kuuliza. Lipeni bei ya mtaani, salimieni kwanza kabla ya kuomba, na ukichelewewa na fundi usimpigie kelele, mpigie simu jioni ya siku moja kabla, hiyo kidogo inafanya kazi.

Sasa uanzie wapi: leo kabla hujalala toa pasipoti za watoto uangalie tarehe, nyingi za watoto zinadumu miaka 5 tu na nchi nyingi hazikupokei zikiwa zimebaki chini ya miezi 6, alafu muulize mumeo mwezi gani kule mvua inanyesha zaidi na mkate tiketi za mwezi huo. Mkirudi niandikie, uniambie viatu vilikuwaje.